Udongo wa Heshima

Mgeni alifika Kota ya Betri siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, bila kutanguliwa na gari la matangazo. Katika nchi ya Maridhia hilo ni kosa dogo, kwa sababu wageni wote wa serikali hutangazwa kwa kipaza sauti siku tatu kabla, ili wananchi wapate muda wa kufurahi. Huyu alikuja kwa miguu. Alikuwa kijana mwembamba, shati lake limepigwa pasi hadi mikono imekakamaa, na mgongoni amebeba begi lililojaa mifuko mitupu ya nailoni.

Mama mmoja aitwaye Sikudhani alimwona amesimama mbele ya kota yake, namba kumi na nne. Alisoma namba ukutani, akasoma daftari lake, kisha akausoma tena ukuta.

"Hodi hapa."

"Karibu. Kama unauza vyandarua, tumeshanunua."

"Siuzi kitu, mama. Naitwa Erasto Ndimbo, Mtafiti Mdogo wa Daraja la Mwisho, Idara ya Udongo. Nimekuja kuomba udongo."

Sikudhani akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Kwani huko mjini umekwisha?"

Lakini alikuwa mtu wa adabu, na watu wa Kota wote ni watu wa adabu. Akamtolea kiti kile chenye mgongo na kikombe kile kisicho na ufa. Binti yake, Mashavu, mwenye miaka saba, alikuwa amelala mkekani akijishika tumbo. Akainua kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Tumbo tu," akasema Mashavu, akarudisha vidole mdomoni.

"Mwezi wa tatu huu," akasema Sikudhani. "Na kusoma alikojua, sasa hajui tena. Hospitali wananiambia ni minyoo. Minyoo gani hiyo inayokula herufi?"

Ndimbo aliviangalia vile vidole muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga, akanywa chai.

*

Msomaji asije akadhani kwamba Maridhia kuna viwanda vilivyokufa. Viwanda vya Maridhia havifi wala havifungwi. Hustaafu kwa heshima. Kiwanda cha Betri cha Nuru Daima kilistaafu miaka kumi na moja iliyopita, kwa sherehe yenye ngoma nne na hotuba tisa, na langoni kikavishwa nishani. Nishani iliibwa wiki hiyo hiyo, serikali ikaagiza ichorwe nyingine ukutani kwa rangi. Wafanyakazi nao wakaruhusiwa kubaki kwenye kota zao nyuma ya kiwanda, kama shukrani, kwa kuwa shukrani ya aina nyingine haikupatikana.

Enzi za uhai wake, kiwanda kilitoa mabaki ya madini ya risasi na maji ya tindikali, na mabaki hayo yalihitaji mahali pa kwenda. Mhandisi mkuu, aliyesomea ng'ambo mara mbili, aliamuru yamwagwe kwenye makaro ya vyoo vya kota. Hoja yake ilikuwa nyepesi: karo ni chafu tayari, kwa hiyo halitaona tofauti. Alipewa cheti. Sikudhani mwenyewe alibeba ndoo hizo kwa miaka sita, asubuhi mbili na jioni mbili.

Baada ya kiwanda kustaafu, magari ya kunyonya maji taka nayo yalistaafu. Makaro yakajaa, yakapasuka ubavuni, yakaanza kuvuja taratibu. Udongo ulioyazunguka ukawa mweusi, laini, wenye unyevu hata wakati wa kiangazi. Watoto walipenda kuchezea hapo kuliko mahali pengine popote. Wao ndio waliogundua, bila msaada wa chuo chochote, kwamba ukiulamba ni mtamu.

Mashavu ndiye aliyekuwa hodari wa kuumba vikombe vya udongo huo, na hodari wa kuonja kama kahawa yake ya matope imeiva.

*

"Basi, mama," akasema Ndimbo, akitoa mfuko mmoja. "Naomba udongo wa pembeni mwa karo, kina cha shubiri moja. Ujaze humu, uandike jina lako na namba ya nyumba, utie saini."

"Karo? Karo la choo?"

"Hilo hilo."

"Chimba basi mwenyewe, mwanangu. Jembe lipo."

Ndimbo akaona haya. Mtafiti wa Maridhia haruhusiwi kuchimba kwa mwananchi, ili serikali isionekane inachimbachimba mambo. Hiyo ni Kanuni ya Mikono.

"Na wa nini huo udongo?"

Hapo Ndimbo alitokwa na jasho. Kuna Kanuni ya Utulivu, inayomkataza mtafiti kumwambia mwananchi anatafuta nini, mwananchi asije akapata wasiwasi kabla wasiwasi haujaidhinishwa.

"Ni kwa ajili ya... kuujua tu," akasema.

Akamwachia mfuko, akaenda kugonga kota nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka zikatimia arobaini.

Sikudhani alikwenda uani na jembe. Alisimama kando ya karo, akaunusa ule weusi, akaziba pua. Kisha aibu ikampanda. Kota ya Betri mgeni haendi uani. Mgeni hapewi kikombe chenye ufa, hapewi mkia wa samaki, haonyeshwi kamba ya nguo za ndani. Sasa huyu mtoto wa watu, na shati lake la pasi, amekuja kwa miguu kutoka mjini, abebeshwe mgongoni uvundo wa choo chao? Akifika kwao atasema amepewa nini?

Akachungulia ng'ambo ya ua wa makuti. Jirani yake, Bi Kuruthumu, naye alikuwa amesimama kando ya karo lake, mfuko mkononi.

"Shoga, nawe umepewa?"

"Nimepewa."

"Utampa huu?"

"Huu! Nimkosee nini mimi yule mtoto? Hata anapokunywa maji anasema bismillahi."

"Alisema hivyo?"

"Alisema kitu. Mdomo ulicheza."

Wakafikiri pamoja. Kisha, bila kuambizana, wote wawili wakatazama upande wa barabara kuu, kwenye mzunguko wenye bustani ya waridi. Bustani hiyo ilitengenezwa mwaka ule Mheshimiwa Rais Mlezi alipopita. Udongo wake mwekundu uliletwa na malori kumi na mawili kutoka nyanda za juu, na Mheshimiwa alipita akiwa amelala usingizi.

Adhuhuri ilipoingia, bustani ilikuwa na mashimo arobaini. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Kila mmoja alikwenda kivyake, akidhani ni yeye peke yake mwenye wazo hilo, akakuta foleni. Bi Kuruthumu hata aliuchekecha wa kwake kwa chekeche ya unga, akaondoa vijiwe.

Ndimbo alipokea mifuko arobaini myekundu, yote ina majina, yote ina saini. Mmoja ulikuwa na kikonyo cha waridi. Akaunusa.

"Unanukia," akasema kwa mashaka.

"Tumejitahidi," akasema Sikudhani.

*

Safari ya pili gari la matangazo lilikuja, siku tatu mfululizo, na wananchi wakafurahi kwa ratiba. Kisha akaja Waziri wa Udongo Mwema, Mheshimiwa Dakta Profesa Mhandisi Bwakila. Alitandikiwa zulia kutoka mlango wa gari mpaka jukwaani, na miguuni alikuwa amevaa buti ndefu za mpira. Mzee mmoja aliuliza mbona Mheshimiwa amevaa buti na mvua haipo, akapelekwa kukaa nyuma.

"Ndugu wananchi!" akaanza Waziri. "Maadui zetu wa nje, wa ndani, na wale wa katikati, walieneza uvumi kwamba Kota hii ina sumu. Sumu! Maabara ya Taifa imefanya kazi usiku na mchana, isipokuwa mwisho wa wiki. Na imethibitisha nini? Imethibitisha kwamba udongo wa makaro yenu hautofautiani hata chembe na udongo wa bustani ya Mheshimiwa Rais Mlezi!"

Makofi.

"Niambieni, ni nchi gani nyingine duniani ambako choo cha mwananchi wa kawaida na waridi la Rais vimeota katika udongo mmoja? Huu ndio usawa tulioupigania!"

Makofi ya kusimama. Watu wa Kota waliangaliana, kisha wakaangalia chini. Kusema kweli pale kungekuwa ni kumwaibisha mgeni mbele za watu.

Kila nyumba ilipewa Hati ya Udongo Safi, ndani ya fremu yenye kioo. Hati ilimpa mwenye nyumba haki ya kukaa katika kota yake maisha yake yote, kwa kadiri yatakavyokuwa. Chini, kwa herufi ndogo, ilieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba atakayebainika kutoa udongo usio wake atakuwa ameudhalilisha udongo wa taifa, naye atatolewa katika nyumba. La pili, kwamba kuanzia tarehe hiyo, ugonjwa wowote wa mtoto wa Kota utahesabiwa kuwa umetokana na sababu za kifamilia.

Sikudhani aliitundika hati juu ya mkeka wa Mashavu. Siku hizo Mashavu alikuwa anatapika asubuhi, na ukimwita kwa jina alichelewa kugeuka, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

*

Jumamosi iliyofuata Ndimbo alirudi, tena bila kutangazwa. Alipewa kile kiti, akakataa. Akakaa chini, sakafuni, shati lake halina pasi.

"Mama, ule udongo mlioutoa ulitoka wapi?"

Sikudhani aliendelea kupembua mchele. "Ulitoka ardhini."

"Mama."

"Bustanini."

"Wako peke yako?"

"Wote arobaini. Mwanangu, tungekupaje ule? Ule unanuka. Wewe ni mgeni wetu."

Ndimbo akaweka uso viganjani. Alipozungumza, alizungumza na sakafu.

"Ndio niliokuwa nautafuta. Ule unaonuka. Una madini ya risasi, yamevuja kutoka kwenye makaro. Yanaingia kwa mtoto kupitia vidole, yanamla tumbo, yanamla kichwa. Na dawa ipo, mama. Ipo Hospitali Kuu, maboksi kwa maboksi. Lakini hutolewa kwa watoto wa maeneo ambayo udongo wake umethibitishwa kuwa mbaya. Na tangu dawa ije, hakuna eneo lililothibitishwa."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Dawa zile zilitunzwa vizuri sana. Ripoti ya mwaka iliwasifu watunzaji kwamba hawajapoteza hata kidonge kimoja kwa mgonjwa.

Ungo ulimtoka Sikudhani mikononi. Mchele ukatawanyika mpaka mkekani, na Mashavu, kwa upole, akaanza kuuokota punje mojamoja.

"Si ungesema!" Sikudhani akapiga ukelele. "Siku ile ulikaa hapa, umekunywa chai yangu, unamtazama mwanangu anavyolamba vidole! Si ungesema!"

"Kanuni ya..." akaanza Ndimbo, akaacha. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, jambo ambalo Mtafiti wa Daraja la Mwisho haruhusiwi kulifanya akiwa kazini. "Ningesema, mama. Ningesema."

*

Jumatatu Sikudhani alikwenda mjini, Ofisi ya Udongo Uliokwisha Kupimwa. Karani, mwanamke mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unasema udongo wako si wako."

"Ule mwekundu si wangu. Wangu ni huu." Akainua mfuko mweusi. Watu wawili kwenye foleni wakarudi nyuma.

"Ufunge, dada yangu, ufunge. Saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi udongo ni wako. Mtu hatii saini udongo wa mwenzake."

"Mwanangu anakufa."

"Pole sana." Na alisema kwa dhati, kwa sababu makarani wa Maridhia husomea pole kwa muhula mzima. "Lakini udongo uliopimwa lazima upumzike miaka tisa. Haupimwi tena ukiwa umechoka. Na nakushauri kama mdogo wangu, hayo ya bustanini usiyarudie. Nikiyaandika, nyumba huna. Mimi sijayasikia."

Sikudhani akaenda Hospitali Kuu na Mashavu mgongoni. Wakamwonyesha maboksi ya dawa kupitia dirishani. Akaomba boksi moja. Akaomba nusu boksi. Akaambiwa alete cheti cha udongo mbaya, na yeye cheti alichokuwa nacho kilikuwa kizuri mno.

Ndimbo naye hakulala. Alizisoma kanuni zote za Idara, juzuu kumi na saba, akapata upenyo mmoja. Mara moja kwa mwaka kuna Siku ya Udongo wa Hiari, ambapo mtu yeyote anaweza kuleta mfuko, akaandika jina la eneo tu, na mahali pa jina la mtoaji akaandika "Mpenda Nchi". Mfuko wa Mpenda Nchi hupimwa hata kama eneo limepumzishwa. Ukikutwa mbaya, dawa hutoka ndani ya siku saba kwa watoto wote wa eneo hilo. Na kwa kuwa hauna jina, hakuna wa kufukuzwa nyumba.

"Lini?" akauliza Sikudhani.

"Miezi miwili na siku nne."

*

Walichimba pamoja. Yaani Sikudhani alichimba, na Mashavu alikaa kwenye kigoda karibu yake, amefungwa kanga kwa sababu alikuwa anatetemeka juani. Mama alipima shubiri moja kwa mkono wake, akajaza mfuko.

"Huo wa nani?" akauliza Mashavu.

"Wa serikali."

"Si wa serikali. Hapo ni jikoni kwangu." Akatafuta maneno, muda mrefu. "Andika jina langu."

"Haliandikwi jina kwenye huu, mama."

"Mbona kwenye daftari la shule liliandikwa? Mimi sijui tena kuandika. Andika wewe. Sawasawa. Usikosee."

"Nitaandika."

"Na la baba?"

"Na la baba. Na la nyumba."

"Ahidi."

"Naahidi, mama yangu."

Aliahidi kama wazazi wanavyoahidi, huku akifunga kamba ya mfuko na akiwaza uji uliokuwa jikoni.

Zilipobaki siku tisa, Mashavu alishikwa na degedege asubuhi, wakati mama yake anamwosha uso. Halikuchukua muda. Bi Kuruthumu alikuja mbio akakuta maji ya kuogea bado ya moto.

Cheti cha kifo kilitolewa siku hiyo hiyo. Kwa upande wa Kota ya Betri vyeti hivyo vilikuwa vimechapishwa mapema, ili kuwapunguzia wafiwa usumbufu. Mahali pa jina paliachwa wazi. Mahali pa sababu ya kifo palikwishajazwa: *Si udongo.*

*

Siku ya Udongo wa Hiari ilipambwa kwa bendera. Foleni ilikuwa fupi. Mbele ya Sikudhani alikuwapo bwana mmoja aliyeleta udongo wa shamba lake ili usifiwe. Bi Kuruthumu alikuwa amemsindikiza, na mgongoni alikuwa na mtoto wake wa mwisho, anayenyonya vidole.

"Shoga," akanong'ona Bi Kuruthumu, "mwenzio nina wanne. Mfuko huu ufike, Mungu akulipe. Lakini andika hivyo alivyosema kijana. Mpenda Nchi. Ukitolewa ile nyumba utakwenda wapi? Ndimo alimolala Mashavu, ndimo alimo bado."

Sikudhani akasogea hatua moja mbele.

Ndimbo ndiye aliyekuwa anapokea mifuko siku hiyo. Aliiomba zamu hiyo mwenyewe. Karani yule wa miwani alikaa pembeni yake na daftari. Ndimbo aliupokea mfuko mweusi kwa mikono miwili, akaandika upesi kwenye lebo: *Kota ya Betri.* Akaisogeza kalamu mahali pa jina la mtoaji, akaanza kuandika herufi ya kwanza ya Mpenda.

"Niachie hapo," akasema Sikudhani.

"Mama, mimi namalizia tu."

"Niachie, mwanangu."

Ndimbo akamtazama. Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Ukiandika jina mfuko utapimwa vile vile, dawa zitakuja vile vile. Lakini nakala ya jina inakwenda Idara ya Nyumba leo leo. Watalinganisha na ule mwekundu. Kesho jioni hutakuwa na mlango. Haiongezi kitu, mama. Haimrudishi."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Nilimwambia nitaandika."

Karani aliinua macho. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka kusema kwamba hajasikia. Lakini safari hii hakuna aliyempa nafasi. Sikudhani alikwishaichukua kalamu. Herufi ya Ndimbo ilikuwa M, haikuhitaji kufutwa. Akaendelea nayo polepole, mkono mzito wa mtu aliyezoea ndoo kuliko kalamu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Watu nyuma yake walikohoa. Hakuharakisha.

Kwa mujibu wa taratibu, mfuko wenye jina husomwa kwa sauti mbele ya wote waliopo, ili pasiwe na anayesema hakujua. Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mashavu Athumani," akasoma. "Kota namba kumi na nne."

Askari wa Idara ya Nyumba, mlangoni, akatoa kijitabu chake akaandika namba.

"Nimesoma sawasawa?" akauliza karani, na sauti yake ya kubembeleza haikuwapo tena.

Sikudhani aliinama juu ya lebo, akaifuata kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

"Sawasawa," akasema.